Sumaku Chini ya Sahani: Namna ya Kuchagua Dawa ya Kupeleka Jeni Ndani ya Chembe

Watu wengi wanajua sumaku. Fundi wa cherehani anaokota nayo sindano zilizoanguka. Watoto wanafungua radio iliyokufa wapate kile kipande cheusi kilicho nyuma ya spika, kisha wanakipitisha mchangani mpaka kinaota ndevu za chuma. Lakini ni wachache waliosikia kwamba sumaku inafanya kazi katika laboratwari pia, si ya kuokota sindano, bali ya kushusha jeni juu ya chembe za mwili. Tunataka kueleza kazi hiyo, na hasa namna mtu anavyochagua dawa inayofaa, maana hapo ndipo watu wenye elimu wanapoteza fedha nyingi na miezi ya kazi. Vijana wetu wanaosoma biolojia watakutana na jambo hili, na wazazi wao wafahamu ni kazi gani.

Kwanza tuondoe shaka moja. Dawa tunayoisema hapa si ya kumeza wala ya kupigwa sindano. Ni dawa ya laboratwari, ambayo wenye kusoma Kifaransa wanaiita reaktifu: maji yenye vumbi la chuma laini sana, yanayotiwa katika sahani, si katika mtu. Wala haina ujamaa na zile bangili za sumaku zinazouzwa kwa wenye maumivu ya viungo. Bangili hizo zilijaribiwa na watu wa chuo kikuu cha York, Uingereza, nao wakatangaza matokeo mwaka 2009 na tena mwaka 2013: hazikutuliza maumivu kupita bangili zisizo na nguvu zilizovaliwa kwa kulinganisha. Mwenye kuumwa magoti aziache fedha zake mfukoni.

Chembe na kitabu chake

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo zenye uhai, zile zinazoitwa selule kwa Kifaransa, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Ndani ya karibu kila chembe mna kiini, na ndani ya kiini mna uzi mrefu wa ADN. Uzi huo ni kama kitabu cha urithi. Sehemu zake, yaani jeni, zinaagiza chembe itengeneze protini gani. Kitabu chenyewe hakitoki nje. Agizo linanakiliwa kwenye uzi mfupi zaidi wa ARN, nao ndio unaotoka katika kiini kwenda mahali pa kazi. Shikeni vema tofauti hii, ya kwamba ADN inafanya kazi ndani ya kiini na ARN ya agizo inafanya kazi nje yake, kwa sababu tutaihitaji mbele.

Chembe nyingine zinaweza kufugwa nje ya mwili. Zinawekwa katika sahani safi ya plastiki pamoja na maji ya chakula, na sahani inawekwa katika sanduku lenye joto la digrii 37. Zikishiba zinagawanyika na kuongezeka, hata kuenea chini ya sahani kama majani ya bustani.

Pengine mtauliza: Kuna faida gani kuingiza jeni ngeni katika chembe hizo? Sisi watu wa Congo tunayo sababu ya kujua. Mwaka 1995 Ebola iliua watu wengi huko Kikwit. Miaka 11 baadaye, mtu mmoja aliyekuwa amepona alitoa damu yake, na katika chembe za damu hiyo walitafuta jeni za kinga iliyoweza kuishinda Ebola. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa alishirikiana na wenzake wa Marekani katika kazi hiyo. Jeni zilipopatikana zilitiwa katika chembe za kufugwa, na chembe zikaanza kutengeneza kinga ile ile. Dawa iliyotokea humo inaitwa mAb114. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina tangu Novemba 2018 hadi Agosti 2019. Kati ya waliopewa dawa hiyo walikufa watu 35 kwa mia. Kati ya waliopewa ZMapp, iliyotangulia kutumiwa, walikufa 50 kwa mia. Sumaku si sharti kwa kazi ya namna hiyo. Tumeitaja ili msidhani kwamba kuingiza jeni katika chembe ni mchezo wa wasomi.

Kwa nini jeni haziingii zenyewe?

Chembe ina ngozi nyembamba inayoilinda. Ngozi hiyo ina umeme kidogo wa upande wa hasi, na ADN nayo ina umeme wa hasi. Basi vinasukumana, kama sumaku mbili zinazotazamana kwa upande mmoja. Tena ADN ni ndefu na kubwa. Ukiimwaga tupu katika sahani, karibu yote inabaki nje na kuharibika.

Kwa hiyo watu walitafuta wapagazi wa kubeba mzigo huo. Mwaka 1973, Frank Graham na Alex van der Eb, wakiwa Leiden, Uholanzi, walichanganya ADN na chokaa na fosfati mpaka ikawa chenga zinazoanguka juu ya chembe. Mwaka 1982 Eberhard Neumann na wenzake walionyesha kwamba pigo fupi la umeme linafungua matundu katika ngozi ya chembe kwa muda mdogo, na ADN inapita. Mwaka 1987 Philip Felgner na wenzake huko Marekani walifunga ADN katika mafuta ya namna ya pekee. Njia hizi zote tatu bado zinatumika, na mtu asizidharau kwa kuwa ni za zamani.

Lakini shida moja ilibaki. Mama akitia unga wa muhogo katika ndoo ya maji, chenga nzito zinashuka upesi, ila unga mwororo unaelea, na maji yanabaki meupe muda mrefu. Ndivyo ilivyo katika sahani. Wapagazi wadogo waliobeba ADN wanaelea katika maji ya chakula na kutangatanga huku na huku, na chembe ziko chini. Ni wachache wanaozigusa. Mfanya kazi anangoja saa nyingi, au anaongeza dawa. Akiiongeza sana, chembe zinakufa kwa sumu yake.

Kazi ya Munich

Mwaka 2002, Franz Scherer, Christian Plank na wenzao wa Munich, Ujerumani, walitangaza njia waliyoiita magnetofeksioni. Walichukua vumbi la kutu ya chuma, punje zake ni ndogo kiasi cha kuhesabiwa kwa nanometa. Nanometa 1 ni milimeta 1 iliyogawanywa mara milioni. Punje zikikusanyika na mzigo wao zinaweza kufika mamia ya nanometa, na bado ni ndogo sana mbele ya chembe. Vumbi hilo walilipaka polietilenimini, kitu kinachofanana na gundi chenye umeme wa chanya. Hapo ADN yenye umeme wa hasi inajishika juu yake bila kulazimishwa.

Kisha sahani inawekwa juu ya bamba lililopangwa sumaku ndogo zenye nguvu sana, zilizotengenezwa kwa neodimi, chuma na boroni. Vumbi linavutwa chini pamoja na mzigo wake na kulala juu ya chembe. Kwa kawaida dakika 15 au 20 zinatosha. Baadaye sahani inaondolewa juu ya bamba na kurudishwa katika sanduku la joto.

Chuma hicho kina tabia moja ya kufaa. Punje zake zinakuwa sumaku zikiwa karibu na sumaku tu. Ukiiondoa, zinaacha kuvutana. Kama zingebaki sumaku siku zote, zingeshikana ndani ya chupa na kuwa madonge, na dawa ingekuwa bure kabla ya kufunguliwa.

Sasa angalieni jambo ambalo watu wengi wanalikosea. Hudhani kwamba sumaku inavuta vumbi mpaka linapenya ngozi ya chembe, kama msumari unaopigwa katika ubao. Sivyo. Watu wa Munich walichunguza jambo hili na kulitangaza mwaka 2004: sumaku inaufikisha mzigo mlangoni, basi. Kuingia kunafanyika kwa njia ya chembe yenyewe, inayokunja ngozi yake kuwa kifuko na kumeza kilicho nje. Mzigo ukiwa katika kifuko hicho lazima utoke kabla haujameng'enywa kama chakula. Tena, kama ni ADN, lazima ufike mpaka kiini. Katika safari hiyo yote sumaku haisaidii kitu.

Kwa hiyo mwenye kuchagua dawa ya sumaku ajiulize: Je, shida yangu ni mlangoni, au ni ndani ya nyumba? Kama mzigo wake unafika mlangoni bila shida lakini unakufa ndani ya kifuko, sumaku ya bei kubwa haitamwokoa.

Tazama mzigo, tazama chembe

Mizigo si ya namna moja. ADN ya kutengeneza protini lazima iingie katika kiini. ARN ya agizo inafanya kazi nje ya kiini, kwa hiyo safari yake ni fupi, lakini inaharibika upesi kwa uchafu kidogo wa mikono au wa chupa. Kuna tena ARN fupi sana ambazo kazi yake ni kuzima jeni. Nazo hazihitaji kiini. Virusi vilivyotengenezwa kubeba jeni vinao ufunguo wao wa mlango, na vinahitaji kusogezwa karibu tu.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wametoa dawa mbalimbali. Nyumba ya OZ Biosciences ya Marseille, Ufaransa, imeuza PolyMag kwa ADN na ARN kwa jumla, SilenceMag kwa zile ARN fupi za kuzima jeni, ViroMag kwa virusi, NeuroMag kwa chembe za mishipa ya fahamu, na CombiMag isiyobeba mzigo peke yake bali inaungana na mpagazi mwingine uliye naye, kama mafuta au polietilenimini. Majina yasikutishe. Yote ni vumbi la chuma. Yanatofautiana kwa kile kilichopakwa juu yake na kwa kazi iliyokusudiwa.

Maoni yetu ni haya: laboratwari maskini ianze kwa CombiMag au dawa ya namna yake, si kwa ile yenye jina la pekee. Kama tayari unayo dawa ya mafuta inayofanya kazi kidogo, ukiiunganisha na vumbi utajua kwa jaribio moja kama shida ilikuwa ya mlangoni. Hutatupa ulichonacho.

Kuhusu chembe, ziko rahisi na ziko ngumu. Zile zinazoitwa HEK293, zilizopatikana hapo Leiden mwaka 1973, zinapokea jeni karibu kwa njia yoyote. Kununua sumaku kwa ajili yake ni kama kukodi gari kwenda kwa jirani. Polietilenimini tupu, ambayo bei yake ni ndogo, inatosha. Sumaku inaonyesha faida yake kwa chembe zilizotoka katika mwili karibuni, au za mishipa ya fahamu, ambazo dawa nyingi zinaziua. Sababu ni hii: kwa kuwa mzigo wote unashuka chini, unaweza kupunguza kipimo cha ADN na cha dawa, na chembe dhaifu zinapona. Hata hivyo chembe za fahamu zilizokomaa hazigawanyiki, na kiini chake hakifunguki kama kinavyofunguka wakati wa kugawanyika. Mzigo wa ADN unafika mlangoni kwa wingi, na bado ni chembe chache zinazoitika. Asiyejua hilo atailaumu dawa.

Chembe za damu nazo zina shida yao. Hazishiki chini ya sahani, zinaelea. Ukiweka sumaku chini, vumbi linazipita na kulala sakafuni, na chembe ziko juu. Lazima kwanza uzishushe kwa mashine ya kuzungusha, au upake sakafu ya sahani kitu cha kuzinasa, ndipo ulete sumaku. Wengine wanazifunga chembe zenyewe na vumbi ili zishuke pamoja na mzigo.

Mtazame na sahani. Nguvu ya sumaku inapungua upesi sana kadiri unavyokwenda mbali nayo. Sahani yenye chini nene, au iliyokaa upande mmoja juu kidogo, inapoteza nguvu nyingi. Bamba lililotengenezwa kwa sahani za visima 96 halifai kila sahani kubwa. Katikati ya sumaku na sumaku chembe zinaweza kukosa mzigo, na utaona madoa ya mwanga badala ya shamba zima.

Kipimo na ushahidi

Kwa PolyMag watu huanza na mikrolita 1 ya dawa kwa mikrogramu 1 ya ADN. Vinachanganywa katika maji ya chakula yasiyo na seramu ya damu, kwa sababu protini za seramu zinagombea nafasi juu ya vumbi. Vinaachwa dakika 15 au 20 vishikane, ndipo vinatiwa katika sahani. Kipimo hicho ni cha kuanzia tu. Inafaa kujaribu kilicho nusu yake na kilicho mara mbili, kwa chembe zako mwenyewe, si za karatasi ya mtengenezaji.

Namna gani utajua kwamba jeni imeingia? Mara nyingi wanatumia kwanza jeni inayotoa mwanga. Iko jeni ya kimulimuli, yule mdudu tunayemwona usiku majanini, na iko jeni ya kiwavi wa bahari anayeng'aa kijani. Waliofanya kazi ya ile protini ya kijani, Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chembe iking'aa, jeni imeingia na kufanya kazi.

Lakini mwanga peke yake unadanganya. Fikirini mwenye shamba anayetia mbolea shamba zima, kisha mvua inanyesha vema. Atajuaje kama ni mbolea au mvua? Katika laboratwari lazima pawe na sahani za kulinganisha. Moja iwe na chembe tupu. Nyingine iwe juu ya sumaku bila dawa. Nyingine ipewe vumbi bila ADN, ionekane kama vumbi lenyewe linaua. Nyingine ipewe ADN bila vumbi. Na ile ambayo watu wanaisahau zaidi: dawa yote pamoja na ADN, lakini bila kuwekwa juu ya sumaku. Kama sahani hiyo inang'aa sawasawa na ile ya sumaku, basi sumaku haikuongeza kitu, na fedha za bamba zimekwenda. Tumeona maandiko ya kuuza dawa yanayoonyesha picha mbili nzuri za kijani, bila sahani hii. Picha za namna hiyo zisikushawishi.

Tena zihesabiwe chembe zilizokufa pamoja na zile zinazong'aa. Kama chembe 8 kati ya 10 zinang'aa lakini nusu ya sahani imekwisha kuoshwa na kutupwa kwa kuwa ilikufa, matokeo hayo ni mabaya kuliko 5 kati ya 10 katika sahani nzima yenye afya. Na mpimaji akumbuke kwamba vumbi la chuma lina rangi ya udongo. Likibaki jingi katika sahani linaweza kuzuia nuru na kuharibu hesabu ya mashine.

Je, njia hii inafaa mgonjwa?

Kwa sahani, chembe ziko milimeta chache tu juu ya sumaku. Kwa mtu, ini au pafu liko ndani, na damu inakimbia na kuchukua vumbi pamoja nayo. Munich walijaribu kwa paka wenye uvimbe mbaya chini ya ngozi: walitia ndani ya uvimbe jeni za kuamsha kinga pamoja na vumbi, wakaweka sumaku juu yake, ndipo uvimbe ukakatwa. Majaribio hayo yalitangazwa mwaka 2007 na 2008, na shabaha ya kwanza ilikuwa kujua kama njia ni salama. Kwa watu, hakuna dawa ya jeni ya sumaku iliyoruhusiwa kutumiwa hospitalini.

Wazazi wenye mtoto wa SS wanaweza kuuliza kama huku ndiko kutatoka msaada wao. Matibabu ya kurekebisha jeni kwa ugonjwa huo yaliruhusiwa Uingereza mnamo Novemba 2023 na Marekani mnamo Desemba 2023, kwa jina la Casgevy. Ndani yake wanatoa chembe mama za damu za mgonjwa, wanazifungua kwa pigo la umeme, ile njia ya 1982, zirekebishwe, na kuzirudisha mwilini baada ya dawa kali ya kusafisha uboho. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mtoto wa SS wa kwetu aletwe kliniki kila mwezi aliopangiwa, apate chanjo zake, penisilini akiwa mdogo, na hidroksiurea kama monganga amemwandikia. Na akipata homa aletwe siku ile ile.